Bosi kasema "paint the doors blue", mimi nikapaka milango ya bluu. Nielewesheni

Kijana wa Nungwi
Wakuu habari za mchana. Mimi nipo kwenye nyumba ya wageni huku Nungwi, kazi yangu mapokezi lakini si mnajua tena, mapokezi ndo kila kitu, fundi bomba akija mimi, fundi rangi akija mimi. Wiki iliyopita bosi kasafiri akanitumia meseji wasap "please paint the doors by the pool blue". Pale bwawani kuna milango mitano, miwili ya vyoo ni ya bluu tangu zamani na rangi imeanza kubabuka, mitatu ya kahawia. Mimi nikaelewa ile milango ya bluu ya bwawani ipakwe rangi, nikamwita fundi nikamwonesha miwili ile, akapiga msasa, akapiga mkono wa kwanza na wa pili, imetoka safi mpaka nikapiga picha nikamtumia bosi. Bosi kajibu alama za kuuliza tatu. Kumbe alitaka ile ya kahawia iwe ya bluu!

Sasa shuleni si tulifundishwa Kiingereza sifa inatangulia, "blue doors", "big house", hapa mbona bluu imeenda kukaa mwisho? Na tangu siku hiyo naziona kila mahali, asubuhi mgeni ananiambia "I like my eggs runny", mwenzake "I take my coffee black". Kuna kanuni au ni kukariri tu?

Ticha Mstaafu
Pole kijana, ila hilo ni kosa la Mswahili halisi, usilionee aibu. Kwetu sifa inafuata nomino, mlango wa bluu, nyumba kubwa, kwahiyo ukikuta "doors" halafu mbele kidogo "blue" kichwa kinaunganisha kinyumbani. Mwingereza ile nafasi ya nyuma ya nomino kaipa kazi nyingine kabisa. Sifa ikitangulia inakwambia mlango gani, yaani ya kuutambulia. Ikija nyuma ya yambwa, yaani kile kinachotendewa, hiyo ni habari mpya, inakwambia mlango utakuwaje kitenzi kikishamaliza kazi yake. We angalia "paint the blue doors", haijasema hata apake rangi gani! Fundi angepiga nyekundu na asingekuwa na kosa.

Njia ninayotumia mimi, chomeka "iwe" katikati. Paka milango iwe ya bluu. Imeingia bila kulazimisha, basi ndo yenyewe. Kwa "keep" na "leave" chomeka "ibaki" au "kibaki", "keep the food warm", chakula kibaki na moto wake. Kwa "find" na "consider" hakuna kinachobadilika, ni mtu anatoa maoni au hukumu, kama kwenye habari za mahakamani "the court found him guilty", mahakama imeona ana hatia. Hao wageni wako wa mayai na kahawa ni kundi la pembeni, pale kitenzi hakibadilishi kitu, kinasema tu kitu kiwe katika hali gani wakati wa kuliwa. Mayai anayapenda kiini kikiwa bado kinachuruzika, kahawa anainywa ikiwa haina maziwa.

mtafsiri_wa_usiku
Mwalimu shkamoo. Nakubali ila usiseme kwetu haipo, "acha mlango wazi" ni nini? "Walimkuta hai" je? Mpangilio ni uleule. Tofauti ni kwamba kwetu vitenzi vinavyokubali hivyo ni vichache, Mwingereza anajiachia, kitenzi chochote cha kugonga, kufuta au kusukuma anakibandikia sifa na matokeo yake yameshasemwa. Mimi hizi ndo zinanila muda kazini. "She wiped the table clean" huwezi kuandika alifuta meza safi, maana hapo meza ilikuwa safi tangu mwanzo (kosa la milango yako hilohilo, limegeuzwa tu). Inabidi ulete kitenzi kingine, kafuta meza mpaka ikang'aa. "He hammered the metal flat", kaligonga bati mpaka likanyooka. "They pushed the door open", wakausukuma mlango ukafunguka. Hiyo "mpaka" na hiyo "ka" ndo zinabeba mzigo. Zingine sifa inamezwa ndani ya kitenzi chenyewe, "it made me happy" ni ilinifurahisha basi, lakini kwenye tafsiri za muvi utakuta mtu kaandika "ilinifanya mwenye furaha", masikio yanauma.

Na sio kila sifa inakubali kila kitenzi. "Shot him dead" sawa, ila akipigwa kwa fimbo mpaka akafa wanasema "beat him to death", ukisema "beat him dead" wanakushangaa. Hapo mwalimu ni kukariri tu, tusidanganyane.

fomfoo_mtarajiwa
Jaman mi ticha alinikata maksi kwa "the news made me happily" mpaka leo sijaelewa si kielezi kinakaa na kitenzi???

Ticha Mstaafu
Mwanangu, "happily" ingeelezea hiyo habari ilifanyaje kazi yake, wewe ulitaka kusema wewe mwenyewe ulikuwaje. Linganisha "I found the book easy" na "I found the book easily". Ya kwanza niliona kitabu rahisi, ya pili nilikipata bila kuhangaika, labda kilikuwa chini ya kitanda. Zote sahihi, maana mbali mbali.

Mzee wa Kijiwe
Kuna moja nilicheka sana, "they drank the pub dry". Wamekunywa baa?? Hamna aliyekunywa baa, walikunywa bia mpaka baa ikaishiwa. Na "he shouted himself hoarse", huyo hajajipigia kelele mwenyewe, ni kama mimi siku ya Simba na Yanga, nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Hiyo "himself" imewekwa tu ili sifa ipate pa kuegemea.

Kijana wa Nungwi
Aisee shukrani wakuu, ya "iwe" nimeishika. Ile mitatu ya kahawia fundi kaimaliza jana. Leo bosi katuma nyingine, "keep the blue doors closed". Nikaikalia dakika tano nzima: bluu imetangulia, kwahiyo ni ya kutambulia, "closed" imekuja nyuma, kwahiyo ibaki imefungwa. Nikaenda pale bwawani kwa kujiamini kabisa, nafika, yote mitano ni ya bluu sasa hivi. Nimefunga yote mitano, wageni wananiuliza choo kiko wapi.