Huyu "mwalimu wa mafanikio" amkome Socrates wa watu!

Wakuu, nimetoka ukumbini sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa viatu vya kuchongoka, kila wiki ana semina.

Kasimama mbele ya watu wazima, akasema Socrates, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alitajirika kwa kuwatoza wanafunzi ada, na sisi tumuige. SOCRATES! Mtu aliyekuwa akitembea pekupeku Athens! Nikanyoosha mkono, nikamwambia waliotoza ada ni walimu wa kulipwa akina Protagoras, siyo yeye. Akanijibu: "Kaa chini dada, kamuulize mumeo akueleweshe." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kaa chini dada!

Mwaka 399 KK, alipokutwa na hatia mahakamani na kuambiwa ataje adhabu yake mwenyewe, Socrates alisema uwezo wake ni faini ya mina 1 (fedha ya Wagiriki). Mwanafunzi wake Plato na wenzake ndio waliojitolea kumdhamini kwa mina 30. Tajiri gani anadhaminiwa na wanafunzi? Halafu mtu aliyenikamua 30,000 mlangoni ananiambia kaa chini dada! Huyu angeishi Athens angenyweshwa sumu kama Socrates, tena kabla kesi haijasomwa, na mimi ndiye ningeikoroga.

Kobe Mkavu: 30,000 kumsikiliza yule? Aliyemtajirisha ni wewe, Socrates hahusiki.

Msomi wa Jioni: Hilo kosa la zamani. Aristophanes, mwandishi wa vichekesho wa Athens, kwenye tamthilia yake ya 423 KK alimwonyesha Socrates akifundisha kwa malipo. Jamaa kadesa tu.

Mleta uzi: Aristophanes alikuwa anachekesha watu! Huyu anatoa vyeti! "Kaa chini dada", mbele ya mashemeji zangu!

Baba Pili: Mimi mwanafalsafa nisiyemsamehe ni Aristotle. Kaandika kuna watu wamezaliwa kuwa watumwa, na bado anasifiwa kila kona.

Kobe Mkavu: Na Seneca, yule mwanafalsafa wa Roma? Anahubiri kuridhika na kidogo, kumbe tajiri wa kutupwa, mwalimu wa mfalme Nero.

Msomi wa Jioni: Ndiyo maana mimi mwanafalsafa wangu ni Epictetus tu. Utumwa kauishi, hajasimuliwa.

Mama Ntilie Mstaafu: Waacheni hao. Semina iliyopita tuliahidiwa chakula cha mchana, ikaja sambusa moja na maji ya moto.

Baba Pili: Nyie mlipata sambusa? Mimi cheti changu kina jina la mtu mwingine, na simu hapokei.

Kobe Mkavu: Cheti kimeandikwa Neema? Basi ni cha mke wangu, kirudishe.