Naomba ushauri: rafadha ya boti inaliwa na mapovu

Asalaam aleikum ndugu zangu. Boti yetu ya uvuvi hapa Wete, rafadha (propela) yake ya alumini imechimbika vishimo mgongoni mwa mapanga, kama embe lililodonolewa na ndege. Fundi anasema ni chumvi tu. Mimi nashuku kavitesheni: panga likienda kasi sana, presha ya maji mgongoni mwake hushuka hadi maji yakachemka bila moto, kisha mapovu ya mvuke hujifinya ghafla na kutafuna madini. Hata Turbinia, meli ya mvuke ya mhandisi Parsons iliyoshushwa majini 1894, ilikwama kwa hili mpaka ikafungwa rafadha 9.

Tukiongeza mafuta, injini inalia juu lakini boti haivuti. Nitafute rafadha yenye mapanga mapana, au kwanza nishushe injini ili rafadha isinyonye hewa? Na ya chuma cha pua inahimili kweli?