Seva tatu ndani ya mashini moja: hii mambo ya mashini pepe ilitoka wapi, na itafika wapi?

Mwalimu_Himbi (Goma):
Bandugu jambo kwenu. Natumika ku masomo moja hapa Goma, mimi ni mwalimu wa hesabu lakini vile hakuna mwingine njo mimi nashughulika na mashini zote. Tuko na seva tatu za zamani mu chumba kidogo nyuma ya ofisi, moja ya programu ya malipo ya wazazi yenye inakubali paka Windows XP, moja ya mafaili ya walimu, na ya tatu ya maktaba ya wanafunzi. Feni zinajaa ile vumbi nyeusi ya mawe ya volkano, kila mwezi nafungua napanguza na burashi. Umeme ukikatika tunawasha jenereta, na mazutu inakwenda kwa kulisha mashini tatu zenye hata hazichoki, nikiangalia prosesa zinalala tu.

Sasa ndugu mmoja akaniambia nunua mashini moja yenye ramu ya kutosha, uingize zile tatu ndani kama mashini pepe, yaani mashini zenye ziko ndani ya programu tu, si chuma chake peke yake. Nikapeleka wazo kwa mkuu wa masomo, akaniuliza mambo mbili nikakosa jibu: hii kitu ni ya kuaminika ao ni ya jana tu? Na kisha miaka tano haitakuwa imekufa, vile kila kitu kinahamia ku klaudi, ku mashini za makampuni za mbali kwa njia ya intaneti? Mwenye anajua anisaidie tafazali, nataka nielewe mbele ya kugusa disiki, ndani yake kuna malipo ya watoto ya miaka nane.

Mzee_Kadutu (Bukavu):
Mwalimu, umwambie mkuu kwamba hii kitu si ya jana, ni ya tangu 1964, na ilizaliwaka kwa shida sawa na yako, mashini moja ya bei kali na watu wengi wanaihitaji. Kule Cambridge, Massachusetts, watu wa IBM walikuwa wanatafuta namna kila mtu apate mashini yake bila kununua mashini kwa kila mtu. Wakatengeneza programu CP-40, ikaanza kutumika Januari 1967 juu ya System/360 Model 40, mashini kubwa ya IBM yenye walibadilisha kidogo. Kila mtumiaji alikuwa anaona mbele yake System/360 nzima, peke yake, kumbe wako wengi ndani ya chuma kimoja. Kiisha ikakuja CP-67, na tarehe 2 Agosti 1972 IBM wakatangaza VM/370. Mtoto wake, z/VM, iko inatumika mpaka leo.

Fikiria parsele. Mwenye parsele ni haipavaisa, ile programu yenye inagawanya mashini, wapangaji ni mashini pepe, kila mmoja na mlango wake na ufunguo wake. Mpangaji akitaka kugusa bomba kubwa la maji, lazima mwenye parsele asikie, aje amfanyie yeye mwenyewe. Mu 1974 watafiti wawili, Popek na Goldberg, waliandika kabisa sharti za mashini yenye inaweza kupangishwa vile, na kubwa yake ni hiyo: kila amri yenye inagusa mambo ya mashini nzima, mpangaji akiijaribu, kengele ilie kwa mwenye parsele.

Sasa prosesa za Intel za mashini zetu za kawaida, zile za x86, hazikutimiza. Kulikuwa na amri 17 zenye mpangaji anatoa na kengele hailie. Mfano POPF: mpangaji anajaribu kuzima interapti, zile ishara zenye zinakatiza prosesa kazi, prosesa inanyamaza tu, haifanyi, haisemi kosa, na mwenye parsele hajui kama kuna mtu aliuliza. Mpangaji anaendelea akiamini bomba limefungwa. Njo maana miaka mingi watu walisema ku x86 haiwezekani.

Walioifungua ni watu wa Stanford, Mendel Rosenblum na wanafunzi wake, mu 1998 wakaanzisha VMware pamoja na Diane Greene, mu 1999 programu yao ya kwanza ikatoka. Walichofanya ni kusoma amri za mpangaji mbele hazijafika ku prosesa, zile mbaya wanazibadilisha palepale, zingine wanaziacha zipite. Mimi mpaka leo nikikumbuka ile wazo naona ni kazi ya akili kubwa sana, ju iliokoa chuma chenye kilikuwa tayari mikononi mwa dunia nzima. Xen, haipavaisa ya Chuo Kikuu cha Cambridge, ile ya Uingereza, ikakuja 2003 na njia ingine: mpangaji mwenyewe anarekebishwa ajue kama anapanga. Kutoka 2005 Intel, na 2006 AMD, wakaweka ile kengele ndani ya prosesa yenyewe. Na KVM, haipavaisa ingine, ikaingia ndani ya kerneli ya Linux, ile moyo ya mfumo, mu 2007.

Fundi_Birere (Goma):
Aksanti yaya Mzee kwa historia, mimi naongeza ya mikono. Mwalimu, mbele ya kununua kitu omba muuzaji akuwashie ile mashini na Linux ya ku yuesbii, andika grep -E 'vmx|svm' /proc/cpuinfo kwa kuona kama prosesa iko na ile kengele, kama hakuna kitu kinatoka ingia ku bayosi, ile mipangilio ya mbele mashini haijawaka, uone kama wameizima, ju mashini nyingi za mitumba zinafika ikiwa imezimwa, na kama hata pale hakuna basi acha iyo mashini. Ramu njo ya kuangalia kuliko prosesa, ju prosesa inagawanywa kwa zamu lakini ramu mpangaji akishaikamata ni yake.

Haipavaisa mimi nakuambia Proxmox, inatoka Vienna tangu 2008, ndani yake ni Debian, aina moja ya Linux, na KVM, unaitumia bila kulipa leseni. Tangu Broadcom wanunue VMware Novemba 2023 na wakaacha kuuza leseni za kununua mara moja, watu wengi wameanza kuangalia upande huu.

Lakini nikwambie ukweli, mashini moja ikifa zote tatu zimekufa. Kwa hiyo ile seva nzuri kati ya zile tatu usiuze, iweke kando ipokee bakapu kila usiku kiisha ijizime. Na yupiesi, ile batri ya kushikilia mashini umeme ukikatika, uiunge na waya ya yuesbii, si waya ya umeme tu, ili batri ikibaki kidogo Proxmox isikie na izime wapangaji moja moja taratibu. Hapa kwetu hiyo si ya kucheleweshwa. Niliona mahali fulani umeme umeruka mara tatu kwa saa moja, jenereta haijawaka, na database ikabaki nusu imeandikwa, yule mama wa hesabu alikaa wiki mbili anaingiza risiti upya na mkono.

Dada_Katindo (Goma):
Mimi nijibu ile ya klaudi. Mwalimu, klaudi yenyewe ni mashini pepe! Amazon walipofungua EC2, huduma yao ya kupangisha mashini pepe, mu 2006 ilikuwa Xen chini yake, kiisha wakahamia ku Nitro, haipavaisa yao yenye msingi wake ni KVM. Kwa hiyo mkuu akisema kila kitu kinakwenda ku klaudi, maana yake kila kitu kinakwenda ku parsele ya mtu mwingine, kazi ni ileile.

Kitu chenye kimebadilika ni kontena, yaani programu yenye imefungwa peke yake bila mashini pepe nzima, yenye Docker ilieneza tangu 2013. Pale wapangaji wanalala vyumba tofauti lakini jiko ni moja, yaani kerneli moja, ni nyepesi lakini moto ukiwaka jikoni wote wanakimbia. Ju ya hiyo mu 2018 Amazon wakatoa Firecracker, mashini pepe ndogo kabisa, inaamka kwa kama milisekunde 125, unapata wepesi wa kontena na ukuta wa mashini pepe. Mimi naona njia inakwenda huko. Ingine ni ramu yenye imefungwa kwa ufunguo ndani ya prosesa, AMD wanaita SEV, Intel wanaita TDX, hata mwenye parsele asiweze kuchungulia ndani ya nyumba ya mpangaji. Kwa watu kama siye, wenye data yetu ikienda inalala mbali kabisa, mimi hiyo naifuata kwa karibu.

Lakini malipo ya wazazi usipeleke mbali sasa. Siku za kulipa mstari unafika ku barabara, na intaneti ikikatika mutasema nini na wale wamama?

Mwalimu_Himbi (Goma):
Aksanti sana wakubwa, ile ya parsele nitaichukua vilevile kwa mkuu. Nilienda kwa muuzaji leo, vmx imetoka, ramu ni giga 32. Nitaanza na ile ya XP wakati wa likizo. Je, naweza kunakili disiki yake nzima ao lazima nifunge programu upya? Ju sidi yake ilipotea zamani.

Fundi_Birere (Goma):
Nakili nzima na Clonezilla, programu ya kunakili disiki, usifunge kitu upya. Ukitengeneza mashini pepe chagua disiki ya aina ya IDE, ile ya zamani, ju XP haina draiva za VirtIO, disiki za kisasa za mashini pepe, ndani yake, ukikosea itakuonyesha kioo cha bluu chenye 0x0000007B, pale hakuna data imepotea, zima, badilisha, washa tena. Usiipe intaneti kabisa, iyo XP iongee paka na mashini ya kasa. Na ile disiki ya zamani itoe, andika tarehe juu yake, uifungie mu kabati ya mkuu.

Siku utaanza uniite, niko karibu na rompuani ya Birere, nakuja na yuesbii yangu.