Ngazi za ugumu na alama za matamshi katika orodha za maneno ya Kiingereza

Mwanafunzi, Arua:
Walimu wangu, shikamooni. Ninajifunza Kiingereza kwa orodha ambayo huweka kando ya kila neno maana yake, alama za matamshi na ngazi kama A2 au C1. Naomba kuelezwa ngazi hizo zinapima nini, na kama ni lazima nizifuate kwa mpangilio.

Mwalimu, Jinja:
Marahaba, mwanangu. Zinatokana na mfumo uliochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, wenye ngazi sita kuanzia A1 hadi C2, nao ulikusudiwa kueleza uwezo wa mtumiaji wa lugha, si ugumu wa neno moja moja. Watunga kamusi ndio waliouhamishia kwenye maneno. Kwa hiyo tazama maana kabla ya ngazi: "run" ya kukimbia hufundishwa mapema kabisa, ilhali "run" ya kuendesha biashara huja baadaye.

Mfasiri, Kampala:
Nakubaliana na Mwalimu, ila ningekuhimiza uyape matamshi uzito zaidi, kwa kuwa tahajia ya Kiingereza haionyeshi sauti kwa uaminifu kama yetu. Mkazo wa Kiswahili hukaa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, lakini wa Kiingereza huhama: "photograph" hukazwa mwanzoni, na "photographer" katika silabi ya pili. Kistari kidogo cha wima kilicho juu hutangulia silabi inayokazwa. Tafadhali usikipuuze.

Mwanafunzi, Arua:
Asanteni sana. Nitaanza na mkazo.