Kocha kahama chuo, mtoto na I-20 yake (fomu ya chuo kwa mwanafunzi wa kigeni) wafanyeje?

Mama Neema, Ohio:
Shikamooni wakubwa. Mtoto wa dada yangu yuko F-1, viza ya mwanafunzi, anacheza kikapu kwa skolashipu. Kocha aliyemleta kahama Aprili na anamtaka. Chuo kipya kimempokea, ila DSO wa huku (ofisa wa chuo anayeshughulikia wanafunzi wa kigeni) kaikalia rekodi yake ya SEVIS, mfumo wa serikali wa wanafunzi hao, wiki ya tatu. Kila akienda dirishani: "Andika barua pepe." Zile siku 60 zikipita bila I-20 mpya inakuwaje?

Shabani, Worcester:
Mama Neema, siku 60 za kujiandaa kuondoka ni za aliyemaliza masomo, msichanganye watu humu. Mimi walinizuia kisa deni la bweni, dola 212. Nilipolipa, kesho yake rekodi ikaachiwa. Na asiguse hela ya NIL, yaani malipo ya jina na sura ya mchezaji, F-1 hairuhusu kazi za hovyo.

Mama Neema:
Hadaiwi hata senti.

Mjomba, Hartford:
Ninyi na portal yenu ya kuhama vyuo! Kocha Jim Calhoun alipotoka Northeastern ya Boston kwenda UConn, Chuo Kikuu cha Connecticut, 1986, mchezaji wake Reggie Lewis alibaki Boston, akamaliza 1987, Celtics wa NBA wakambeba. Enzi hizo ukihama unakaa benchi mwaka mzima. Calhoun akachukua ubingwa mara mbili pale Storrs, kwenye chuo cha UConn, shamba kabisa, upepo ukigeuka unanusa ng'ombe. Ndiye aliyemlea Hashim Thabeet wetu, Mtanzania.

Shabani:
Mara TATU, Mjomba. 1999, 2004, 2011. Na Hashim hakuwemo hata mmoja. 2009 walitolewa na Michigan State kule Detroit. Kulelewa kalelewa sekondari ya Makongo, Dar, halafu Houston.

Mjomba:
Kijana, mimi nakaa hapa. Nani kamfanya awe wa pili drafti ya NBA ya 2009, mbele ya Harden na Curry? Makongo? Na mwaka 2018, ana miaka 76, Calhoun kaanzisha timu ya wanaume hapa West Hartford, Saint Joseph, chuo kilichokuwa cha wanawake. Daraja la tatu, hakuna skolashipu. Nilikwenda kumwona. Alikuwa anafoka vilevile.

Da Rehema, Bronx:
Mmenikumbusha UConn na Syracuse, Machi 2009, muda wa nyongeza mara SITA, 127 kwa 117 UConn tukafungwa. Saa saba usiku imepita, shifti yangu saa kumi na moja alfajiri, nimezima sauti wenye nyumba wasiamke. Kila Hashim akiupiga mpira kofi nauma blanketi. Siku hiyo nilitamani niwe Dar, Upanga, uwanja wa Don Bosco, na muhogo wangu wa kuchoma.

Shabani:
Leo tuna wangapi kama yeye? Serikali ingetupa uraia pacha watoto wetu wa huku wangevaa jezi ya Taifa.

Mjomba:
Usianze, Shabani. Mwaka jana mlianza hivyohivyo, watu watatu wakajitoa humu.

Mama Neema:
Jamani, DSO. Ijumaa wanafunga ofisi.

Da Rehema:
Pole mdogo wangu. Shabani, ule muhogo wa unga mliupata duka gani huko Worcester?