Mshahara wa wiki nne, kodi ya mwezi: nipange vipi?

Kutoka: Mama wa binti mmoja, Leicester

Wakubwa shikamooni, wengine habari za huko. Nimechelewa kulipa kodi ya nyumba kwa mara ya kwanza na usingizi umenikimbia. Nahudumia wazee hapa Uingereza, nalipwa kila baada ya wiki nne, pauni 1,480 mkononi. Mwezi wa tano niliingiziwa tarehe 5. Kodi ni pauni 725, kila tarehe 1. Ilipofika tarehe 1 mwezi wa sita nilikuwa na pauni 310, na mshahara ukaingia kesho yake. Nguo nanunua mtumba, chakula napika mwenyewe. Hela inaishia wapi? Anayejua njia nyepesi ya kupanga bajeti ya mwezi naomba anielekeze.

Kutoka: Bi mkubwa wenu, Coventry

Marahaba mwanangu. Kalenda ndiyo iliyokuangusha. Wiki nne ni siku 28, miezi karibu yote ina 30 au 31, kwa hiyo siku yako ya mshahara inarudi nyuma siku mbili tatu karibu kila mwezi. Mshahara wa tarehe 5 ulitakiwa uilinde kodi siku 27, ikiwa kwenye akaunti hiyo hiyo unayonunulia unga na mafuta. Ni vigumu mno. Mimi nilianguka hapo hapo mwaka wangu wa kwanza.

Sasa tazama: umelipwa tarehe 2, utalipwa tena tarehe 30. Kwa mwaka mishahara ni 13, kodi ni 12. Ule mmoja wa ziada wengi wanaula bila kujua kwamba umepita. Lipa kodi unayodaiwa leo. Wa tarehe 30 ukiingia, kabla hujanunua hata mkate, hamisha 725 kwenye akaunti ya pili ambayo kadi yake hutembei nayo. Fanya hivyo kila mshahara.

Kisha chukua daftari. Ukurasa mmoja andika vyenye tarehe: kodi, kaunsili (ushuru wa halmashauri ya mji), maji, intaneti. Wa pili visivyo na tarehe: chakula, nauli, simu, hela ya kutuma nyumbani. Vya kwanza vikishatoka, kinachobaki gawa kwa nne, na kila Jumamosi jioni mwaga risiti mezani uzijumlishe. Binti akusomee tarakimu, atajifunza.

Kaunsili uitazame vizuri. Kama mtu mzima ni wewe peke yako ndani ya nyumba, una haki ya punguzo la asilimia 25, lakini mpaka uombe. Wenye viza za kazi wanaliogopa bure. Halimo katika misaada ya serikali ambayo viza inawakataza. Nafuu ya wenye kipato kidogo ndiyo iliyomo, hiyo usiiguse. Kwa kawaida wanakata miezi 10, kuanzia wa nne hadi wa kwanza, halafu wa pili na wa tatu hulipi. Hela ya miezi hiyo miwili weka sare ya shule ya Septemba. Ukipitiliza tarehe wanatuma kikumbusho cha siku 7, na ukikaa kimya wanaweza kudai ya mwaka mzima kwa mkupuo.

Kama gesi yako ni ya mita ya kulipia kabla, mfano wa LUKU yetu ya umeme Tanzania, iongezee kidogo hata kiangazi. Kuna ada ya kila siku inayohesabiwa hata usipowasha. Mwezi wa kumi mmoja, mvua inapiga dirisha, niliweka pauni 20, kioo kikaonyesha 3. Zile 17 zilikuwa deni la siku ambazo sikuwasha chochote.

Kutoka: Kaka wa Reading

Bi mkubwa amemaliza, mimi naongeza la nyumbani tu. Dada, umetuma mara ngapi mwezi wa tano? Mimi nilikuwa natuma 20, 30, 20 kila simu ikilia, na kila mara ada. Siku hizi natuma mara moja, na kabla ya kutuma naangalia shilingi ngapi zitafika mkononi kwa mama, maana wanaotangaza kutuma bure mara nyingi wanakukata kwenye kiwango cha kubadilishia. Tena weka 25 pembeni kila mwezi kwa ajili ya msiba. Usipouwekea nafasi utakopa, na kukataa kuchangia hatuwezi, wala tusijaribu.

Kutoka: Mama wa binti mmoja, Leicester

Asanteni sana, nimelia kidogo. Nimehesabu: mwezi wa tano nilituma mara tano, jumla 190. Kaunsili nimewapigia mchana, nimejaziwa fomu ya punguzo kwenye simu. Mama nimemwambia kuanzia sasa ni 80, mara moja, mshahara ukiingia, na ada ya shule ya mdogo wetu itatoka kwenye huo mshahara wa 13. Akanyamaza kidogo, akauliza, “Na wewe huko unakula?”