Tupeane uzoefu: mtoto alipolazwa, kuna aliyekuuliza hali ya nyumbani?

Mama Pacha wa Manzese
Wadau, poleni na majukumu. Mwanangu mmoja, wa miaka miwili, alilazwa kwa nimonia mara tatu ndani ya mwaka. Mara mbili za mwanzo alichomwa sindano, akapata nafuu, tukaruhusiwa. Mara ya tatu sista mmoja mtu mzima akavuta kiti: "Mama, mnalala wangapi? Jiko unawashia wapi?" Nikamwambia tuko watano chumba kimoja cha kupanga, na masika mkaa nawasha ndani kwa sababu uani kunajaa maji.

Hakunigombeza. Alinieleza kwamba kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, moshi wa kupikia ndani unakaribia kuongeza maradufu hatari ya mtoto mdogo kupata nimonia. Kumbe kila tukiruhusiwa namrudisha kwenye moshi uleule! Nilimwangukia mwenye nyumba, akaniruhusu nipikie barazani. Mwaka wa pili huu mtoto hajalazwa, namshukuru Mungu.

Nyie mliulizwa? Swali gani lilisaidia, lipi liliumiza?

Baba Wawili, Mbagala
Niliulizwa, ila foleni nzima ikisikia: "Baba, una uwezo wa kulipa au huna?" Binti yangu alishatimiza miaka sita, msamaha wa walio chini ya miaka mitano haukumhusu. Nikajibu ninao. Jioni nikachukua mkopo wa kausha damu. Marejesho yake yalikula hela ya chakula cha watoto miezi minne. Kama angeniita pembeni ningesema ukweli.

Nesi wa watoto
Nina la kuungama. Kuna mama alitaka kuondoka na mtoto mwenye utapiamlo mkali, mzunguko wa mkono wa juu chini ya sentimita 11.5, maziwa dawa ndiyo kwanza ameyazoea. Tulimsema sana. Kwenye faili nikaandika amekataa matibabu. Baada ya wiki alirudi, mtoto amezidiwa, ndipo nikakaa naye. Nyumbani aliacha wadogo watatu wanalelewa na dada yao wa miaka kumi, na genge lilikuwa limefungwa siku ya tano. Asingeuza, hawali. Lile neno "amekataa" linaniuma mpaka leo.

Marekani, chama cha madaktari wa watoto kilipendekeza mwaka 2015 wazazi waulizwe maswali mawili tu: kama katika miezi 12 iliyopita walihofia chakula kuisha kabla hawajapata hela ya kununua kingine, na kama kiliwahi kuisha kweli wakakosa hela. Kwetu ukiuliza hivyo moja kwa moja utajibiwa "tunashukuru Mungu". Mimi nauliza: "Jana usiku watoto walikula nini? Na wewe huku wodini nani anakuletea?" Hapo mtu anafunguka.

Bi Mkubwa Temeke
Mimi niliulizwa kama mume wangu ananipiga, mama mkwe ameshika beseni pembeni! Nikacheka, nikasema hapana. Kesho yake nesi mwingine akaniita tukampime mtoto uzito, chumba kingine, mlango umefungwa, akauliza tena taratibu. Nililia. Mengine nitayasema siku nyingine.

Kijana wa Buguruni
Lakini sista, mkishajua mtu hana kitu, mnampa nini? Mke wangu aliulizwa yote, wakaandika, hakuna aliyerudi.

Nesi wa watoto
Hilo ni kweli, na ni kosa letu. Kumvua mtu siri zake halafu ukamwacha nazo ni kumwumiza mara mbili. Ndiyo maana siku hizi sianzi kuuliza kabla sijajua afisa ustawi wa jamii yuko zamu. Yeye ndiye anayeshughulikia misamaha. Hela ya nauli ya kurudi kliniki mara nyingi hatuna, hapo sidanganyi mtu.

Mgeni humu
Mimi niko wodini sasa hivi, siku ya tatu. Mtoto ana miaka saba, bili inapanda na sijamwambia mtu. Huyo wa ustawi wa jamii nampataje?

Mama Pacha wa Manzese
Pole mdogo wangu. Usingoje siku ya kuruhusiwa. Mwambie nesi wa zamu asubuhi, kabla ya raundi, kwamba unaomba kuonana naye faragha. Mara nyingi wanataka barua ya serikali ya mtaa, kwa hiyo tuma mtu mapema.

Mgeni humu
Asante dada. Mdogo wangu ataanza na mjumbe saa moja.